Aliyeshika Chetezo

Siku ilipopotea simu ya mwalimu mwenzangu pale skuli, hakuna aliyenitaja mimi. Hakuna hata aliyenitazama. Ilikuwa saa ya mapumziko, chumba cha walimu kimejaa, tunakunywa chai na kachori, kila mtu anasema lake. Mwenye simu akasimama anajipapasa baibui. "Jamani, simu yangu si nliiweka hapa hapa?" Alisema vile tu, kama mtu anayetafuta ufunguo nyumbani kwake.

Na mimi nikasimama. Nikauchukua mkoba wangu, nikafungua zipu, nikaumwaga wote juu ya meza katikati ya vikombe.

Vikatoka vyote. Kalamu nyekundu, kitana chenye nywele zangu, chaja, kipande cha mkate wa kumimina kilichofungwa kwenye tishu, na risiti za maduka chungu nzima, maana mimi sitoki dukani bila risiti hata nikinunua kiberiti. Pedi moja ikateleza mpaka mbele ya mwalimu wa dini. Maskini ya Mungu, yule mzee akainua macho akawa anahesabu feni, na feni ni moja.

"Kha! Mwalimu," akasema mwenye simu, "kwani nani kakuuliza?"

Wakacheka. Laiti na mimi ningecheka, yangeishia pale. Badala yake nikageuza mifuko ya baibui nje, nikakunjua mikono, nikawa nasema, "Si mimi. Tazameni wenyewe. Si mimi." Jasho lilikuwa linanitoka mpaka chini ya mtandio. Kicheko kikakatika. Simu ilikuwa chini ya rundo la madaftari ya darasa la tano, na aliyeyaweka pale ni mwenyewe. Alipoiona hakufurahi hata kidogo. Alinisaidia kurudisha vitu vyangu mkobani, polepole, kama unavyomsaidia mgonjwa kuvaa.

Nakwambia, bora wangenikuta nayo. Mwizi watu wanajua wamfanye nini. Mtu kama mimi hawajui.

Sikurudi skuli wiki ile. Nilimwambia mume wangu nina homa, naye akanifunika shuka na kunitengenezea uji. Yeye ni mtu mpole, hakuuliza. Lakini nilikuwa nalala pale najiuliza mimi mwenyewe: mtu mzima, mke wa mtu, mama wa mtoto, nimesomesha watoto wa watu mpaka wengine sasa ni madaktari, nimepatwa na nini? Na haikuwa mara ya kwanza. Moyo ulikuwa ukinienda mbio kwa mambo ya kijinga. Nikiingia dukani natembea mikono iko mbele, ionekane. Mtu akisema "sioni miwani yangu" mkono wangu unakwenda kwenye zipu ya mkoba. Usingizi ulishanikimbia zamani. Lakini nyumbani unaweza kujificha, na dukani hawakujui. Skuli ndiyo walinijua.

Mafunzo haya niliyapata kwa mama yangu, na hayo ndiyo yaliyonitia haya zaidi, maana mama yangu ni mwanamke mwema. Hakuwahi kunipiga hata kibao. Sisi tumekulia mtaa wa Ng'ambo, hapa Unguja mjini, mimi na mdogo wangu wa kiume, nyumba za kugusana, mlango wa huyu unatazamana na dirisha la yule, watoto wanaingia na kutoka popote. Sisi tukitoka kwa watu, ilikuwa lazima tusimame mlangoni. "Toeni mikono," mama atasema. Tunatoa mikono. "Mifuko." Tunageuza mifuko. Mimi akinikung'uta na kanga. Yote hayo mbele ya mwenye nyumba, ambaye mara ya kwanza atacheka, mara ya pili atasema, "Ala! Bi mkubwa, mbona hivyo? Watoto hawa wangu!" na mara ya tatu hatotukaribisha tena.

"Mtu akitoka kwa watu atoke mweupe," ndilo jibu lake.

Mdogo wangu alikuja kuwa mtu mzima asiyeingia nyumba ya mtu. Ataitwa harusini, atasimama nje barazani, atapewa sahani yake huko huko, atakula amesimama. Watu wanasema ana maringo. Mimi ndiye ninayejua.

Na mama mwenyewe mpaka leo akija kwangu, anapoondoka hufungua mkoba wake mlangoni ananielekezea. "Tazama." Kwangu mimi, nyumba ya binti yake! Mimi humwambia, "Mama bwana, hebu wacha mambo hayo." Husema hivyo, na huku macho yangu yanaingia mkobani yanatazama. Kila mara. Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Mwisho mume wangu ndiye aliyesema twende spitali. Hapa Unguja mtaa ilipo spitali ya wagonjwa wa akili, jina lake tu ni tusi. Mtoto akifanya upuuzi anaambiwa atapelekwa huko. Na mimi nimeshawaambia watoto hivyo darasani, Mungu anisamehe. Basi siku hiyo nikavaa ninja, na mimi si mvaaji, nikajifunika gubigubi yakabaki macho. Nimekaa kwenye benchi nikiamini hata mama aliyenizaa hanijui, na pembeni yangu amekaa mwanamke mwengine mwenye ninja. Akaniinamia.

"Asalaam alaykum, mwalimu."

Nikazidi kuvuta kitambaa usoni. Akacheka kidogo ndani ya kitambaa chake. "Nimekujua kwa viatu. Mwanangu yuko darasani kwako." Kisha akaongeza, "Usihofu. Na mimi sikuja hapa kununua samaki." Uso umeumbwa na haya, lakini siku ile tulikuwa tumeuficha, na kwa hivyo tukacheka wote wawili.

Daktari alikuwa msichana, mdogo kwangu kwa umri. Nilimweleza habari ya simu na mkoba. Hakustaajabu. Aliuliza nimelelewa vipi, nikamwambia vizuri. Akauliza habari za mama.

"Mama yangu ana nini?" nikamjibu kwa ukali. "Mama hajanipiga, hajaninyima, hajaniacha. Usimtie mama yangu katika haya."

"Simlaumu," akasema. "Nauliza yeye alilelewa vipi. Utotoni, nani alikuwa naye?"

Nilijua tu kwamba kwao ni kusini, kijiji cha karibu na Kizimkazi, na kwamba mama yake alifariki yeye mdogo, akaletwa mjini kwa jamaa. Zaidi ya hapo, giza. Daktari akaniambia kwamba mtoto aliyeishi kwa hofu hukua, lakini hofu yake haiishi kwa sababu tu amekua. Hupata watoto, huwafundisha kujilinda na kitu ambacho wao hawakijui, na wao wakikua wanaumwa na hawajui wanaumwa nini. "Una mtoto?" akaniuliza. Nikamwambia ninaye, msichana, yuko darasa la tatu. Akaniandikia vidonge, akanipangia siku ya kurudi tuzungumze, akasema, "Ukiweza, muulize mama. Mficha uchi hazai."

Nikarudi nyumbani na neno moja tu kichwani. Mtoto. Mimi nimeharibika, basi, lakini huyu wangu asiharibike. Nikajiapia hivyo.

Mama nilimkuta kwake anachambua mchele. Nikamwambia nimeanza dawa. Akasimamisha ungo.

"Maradhi hayo si ya spitali," akasema.

"Ya wapi basi?"

"Si ya spitali."

Alisema upesi mno, kama mtu anayemjua mgeni kabla hajabisha hodi. Nikamuuliza habari za utoto wake, nyumba ile ya mjini, watu wale. Akaanza tena kuchambua. "Ya kale hayanuki, mwanangu. Kunywa vidonge vyako kama unataka kunywa." Nilipozidi kumshika akakasirika, na mama akikasirika hurudi kwenye lugha ya kwao kusini, ambayo mimi nasikia nusu nusu. Nikaondoka.

Lililotokea baadaye lilitokea mchana kweupe, Ijumaa, baada ya sala. Mama alikuwa amekuja kwangu kutwa, na jirani yangu alikuwa amejifungua, basi tukaenda kumtazama mzazi: mimi, mama, na binti yangu. Tumechukua sabuni na unga wa uji. Tumekaa, tumemshika mtoto mmoja mmoja, tumemwombea dua, tumekunywa sharubati. Tulipoaga, mimi nikatangulia kuvaa viatu. Nikageuka kumwita mwanangu.

Alikuwa amesimama kizingitini anamwelekea mwenye nyumba. Mikono ameikunjua. Mifuko ya gauni lake ameshaigeuza nje, inaning'inia huku na huku. "Tazama," akamwambia, "sijachukua kitu."

"Subhanallah!" akasema yule jirani, na kichanga chake kifuani. "We mwanangu, nani kakufunza hayo?"

Wallahi, mdomo wangu haukumfunza. Sikumwambia hata siku moja. Lakini macho yake yalikuwepo kila Ijumaa bibi yake anapofungua mkoba na mimi ninapotazama. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilidhani sijamlea hivyo. Uso ulinipanda moto. Nikamshika mkono, nikamvuta, na njiani sikumtazama mama wala mama hakunitazama mimi.

Tulipofika ndani nikamwambia mtoto aende uani akaoshe makubadhi yake. Mama alikaa mkekani bila ya kuvua baibui. Nilidhani anataka kuondoka. Akasema, "Kaa."

Nikakaa.

"Ile nyumba ya Mji Mkongwe," akaanza, "ilikuwa nyumba kubwa. Ngazi zake nilikuwa nazifagia mimi, kutoka juu mpaka chini. Nililetwa nisome, lakini skuli niliisikia kengele yake tu. Sikupigwa sana. Usidhani nilikuwa nakufa na njaa, nilikuwa nakula. Ila mimi nilikuwa mtoto wa kuja. Kikipotea kitu, wanaitazama sura yangu kwanza, halafu ndiyo wanatafuta.

"Siku moja ukapotea mkufu wa binti wa nyumba ile. Mkufu wa dhahabu, wa kuchumbiwa. Wakatafuta. Wakaniuliza, nikasema sikuuona. Wakaniuliza tena kwa maneno matamu, wakanipa na halua. Nikala halua, nikasema sikuuona. Basi ndiyo wakasema itasomwa halbadiri."

Nikashtuka. Hapa kwetu hata mtu mzima akiambiwa atasomewa halbadiri, anarudisha hata ambacho hakukichukua. Ni kisomo cha kumshitakia mwizi kwa Mwenyezi Mungu, aliyechukua ipate kumshika alipo. Mimi si msomi wa dini, wapo wanaosema inafaa na wapo wanaosema haifai. Lakini mtoto yatima, ametoka shamba juzi, atajua nini?

"Wakaja wasomaji, wakakaa ukumbini kwenye mazulia. Mlango ukafungwa. Na kazi ya kuchoma ubani ndani ya nyumba ilikuwa ni yangu, siku zote. Basi nikaambiwa nichukue chetezo. Wao wanasoma, mimi nimekishika chetezo, natia ubani, moshi unanifuka usoni. Kila nikitaka kukiweka chini, yule mama wa nyumba ananifanyia ishara, tia. Na mimi natia. Nasomewa mimi, na ubani natia mimi."

Alinyoosha mikono yake mbele kidogo kuonesha, viganja juu, kama vile chombo kile bado kina moto. Nikaitambua mikono ile. Ndivyo ninavyotembea mimi madukani.

"Mmoja wao akasema, aliyechukua atafura tumbo au ataruka akili, yeye au kizazi chake. Nikalala nalishika tumbo. Usiku huo, na kesho yake, na miaka. Nikiumwa na kichwa nasema ndiyo hii. Baba yako aliponioa nilishukuru, nikasema labda imenisahau. Halafu nikachukua mimba yako. Tumbo likaanza kujaa." Akaikunja ncha ya mkeka kwa kidole. "Wenzangu wanafurahia. Mimi najua imefika. Mpaka siku nakuzaa nilikuwa nakuogopa. Nisamehe kwa hilo. Ulipotoka mzima nikasema alhamdulillahi. Na sasa umekuja kuniambia unakwenda spitali ile. Ndiyo nikakwambia, hayo si ya spitali."

Hapa ndipo ninapotaka kuruka, nisiandike. Nitaandika.

Mama yangu alikuwa ameniambia kile ambacho hakumwambia baba mpaka anamzika. Nilikuwa na maneno mengi ya kumpa. Ningemwambia pole, ningemkumbatia, hata ningelia tu ingetosha. Badala yake nikauliza, kwa sauti yangu ile ya darasani, "Mama, kwani uliuchukua?"

Ulimi hauna mfupa, watu husema. Lakini haukuwa ulimi tu. Nilitaka kujua. Nimelelewa na mwanamke huyu maisha yangu yote, sijawahi kumwona akiokota hata embe la njiani, na bado kuna sehemu ndani yangu iliyokuwa inangojea jibu.

Hakukasirika, na lugha ya kwao haikumtoka. Alinitazama, kisha akauvuta mkoba wake, akaufungua, akaugeuza juu chini pale mkekani. Ikaanguka tasbihi. Vidonge vyake vya presha. Kitambaa, miwani yenye mkono uliofungwa uzi, pipi mbili anazomletea mjukuu wake. Akaukung'uta mkoba ule usibakie kitu. Halafu akaanza kugeuza mfuko wa baibui.

"Mama, basi. Mama, wacha."

Haachi. Mikono yake inaendelea, kama ilivyoendelea yangu mbele ya walimu wenzangu.

Binti yangu akasikia vitu vinaanguka, akaingia kutoka uani, miguu imerowa. Akaona mkeka, akaona mkoba, akamwona bibi yake. Akachutama, akaanza kuokota pipi.

"Bibi," akamuuliza, "kwani nani kakuuliza?"

Mama akaninyooshea kidevu. "Mama yako."

Loh! Nilitamani sakafu ipasuke. Kuna haya za watu kukucheka, hizo nilizipata skuli na nimezizoea. Hizi zilikuwa nyengine. Mtoto aligeuka kunitazama, hakunilaumu hata kidogo, alikuwa anangoja tu kujua nini kimepotea. Lau ningemwambia, angeanza yeye mwenyewe kutafuta.

"Mkufu ulionekana," mama akasema, anazungumza na mkeka. "Siku ya Idi niliuona shingoni mwake. Labda ulikuwa humo ndani siku zote, au walikuwa wameshauona zamani, mimi sijui. Hakuna aliyeniambia. Nikapita na sinia la vitumbua mbele yake, akachukua kitumbua, akaniambia Idi mubaraka. Basi. Kisomo walikisoma mbele ya watu, lakini hakuna aliyesema mbele ya mtu hata mmoja kwamba sikuchukua mimi."

Nikamvuta binti yangu akae kati yetu. Nimesimama mbele ya madarasa miaka yote hii, na sikumbuki kuogopa kusema sentensi kama nilivyoiogopa ile.

"Sikiliza, mwanangu," nikamwambia. "Bibi yako alipokuwa mdogo kama wewe walisema amechukua mkufu wa watu. Hakuchukua. Na mimi sasa hivi nimemuuliza, nimekosa. Bibi yako hakuchukua kitu."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, akaendelea kurudisha vitu mkobani. Kwake yeye lilikuwa ni jambo dogo. Mama alikuwa ametulia na mikono yake magotini. Nilidhani hakunisikia, nikataka kumwomba radhi.

"Sema tena," akasema.

"Bibi yako hakuchukua kitu."

Akafumba macho. "Tena. Kwa sauti."

Nikasema tena, mlango uko wazi, na majirani walisikia.